Kipupwe Chetu na Ndege Wake
(Mazungumzo yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri, Mbinga, katika siku za baridi)



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia. Nimeombwa nizungumze kwa muda mfupi, na nimechagua jambo ambalo yumkini baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni baridi hii tuliyo nayo na ndege walio ndani yake. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho ndipo mhukumu.

Asubuhi ya leo safu ya kwanza ya swala ya Alfajiri haikutimia. Wazee siwalaumu. Maji ya udhu yalikuwa yanakata vidole, na ukungu ulikuwa umeshuka hata mlango wa msikiti haukuonekana kutoka barabarani. Baada ya swala, kila niliyempa mkono aliniambia neno moja: "Ustadhi, baridi hii itakwisha lini?" Mwenye kahawa anangoja jua ili iliyoko kichanjani ikauke. Mwenye kifua anangoja joto apumue. Mwenye duka anangoja fedha za kahawa ziingie mikononi mwa watu. Sote tumo katika kungoja. Basi nikafanya hesabu nilipokuwa narudi nyumbani. Juni hadi Agosti ni miezi mitatu, yaani robo ya mwaka. Mtu akiishi miaka sitini, na miezi hii kila mwaka akaihesabu kuwa ni ya kungojea mingine tu, amekwisha kuitupa miaka kumi na mitano ya umri wake. Ni nani kati yetu mwenye umri wa kutupa?

Sasa nitawasimulia lililonitokea darasani, nalo si la kujisifu.

Mwezi uliopita nilikuwa nawasomesha watoto majina ya majira kwa Kiarabu: shitaa, rabii, saif na kharif. Kitabu tunachokitumia kimechapishwa katika nchi za Waarabu, nacho kina picha. Katika shitaa pana mti uliopukutika majani na theluji imelala chini yake. Katika rabii, majira ya kuchipua, pana maua, na juu ya tawi pana ndege. Mtoto mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Ustadhi, sisi sasa tuko katika picha ipi?" Nikamjibu kwamba tuko katika shitaa, kwa kuwa hii ni baridi. Akatazama nje, kisha akasema: "Mbona ndege wapo?"

Wenzake walicheka. Mimi nilikasirika, kwa kuwa nilidhani amefanya mzaha, na kwa kuwa kwa muda wote wa somo alikuwa akitazama dirishani badala ya kitabuni. Nikamwamrisha asimame ukutani mpaka somo likaisha. Usiku ule swali lake likanirudia, nikaona kwamba katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyekilinganisha kitabu na ulimwengu, naye ndiye niliyemwadhibu.

Ukweli ni kwamba picha ile si ya kwetu. Sisi tuko kusini mwa mstari wa ikweta, nyuzi zipatazo 11. Mwezi wa Juni, wakati jua limeelemea kaskazini na watu wa Ulaya wako katika kiangazi chao, sisi tumo katika kipupwe. Upepo wa kusi hutuletea unyevu na ukungu, na milima yetu ya Umatengo, ambayo mahali pengine hupanda hata kufikia mita 2,000, huupokea wote. Theluji lakini haituangukii. Na hili ni la ajabu, kwa sababu neno lenyewe tunalo vinywani kila siku. Wengi wetu baina ya takbira ya kwanza na Fatiha husoma dua ambayo ndani yake mja humwomba Mola amwoshe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maji tunayajua. Mvua ya mawe tunaijua. Wenye mibuni wanaijua kwa uchungu. Theluji tunaiomba na wala hatujaiona. Katika nchi yetu kwa kudumu iko Kilimanjaro peke yake, na huko nako inatuaga: mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12, na ilipopimwa mwaka 2011 zilikuwa hazifiki 2.

Asubuhi ya pili nilitoka nje baada ya wiridi, nikaenda kusimama nyuma ya madrasa, mahali pale pale alipokuwa akitazama yule mtoto. Juu ya mti uliokauka matawi niliona kitu mfano wa fundo la manyoya limening'inia. Nilidhani ni kiota. Jua lilipotoboa ukungu, fundo likaachana, likawa ndege saba. Walikuwa kuzumburu, wale ndege wa rangi ya udongo wenye mikia mirefu kama ya panya, ambao wenye bustani huwachukia kwa kula mapapai. Usiku wa baridi hujikusanya wakabanana kifua kwa kifua, kila mmoja akimpasha mwenzake moto, na miili yao hupunguza mwendo wake ili kuhifadhi nguvu. Kukicha hujitandaza wakalielekezea jua matumbo yao, kwa kuwa chakula chao ni majani na matunda, na tumbo lililopoa haliyasagi. Nimekaa Mbinga tangu utoto wangu, na sikuwahi kuliona jambo hili hata siku moja. Nikaikumbuka safu yetu ya Alfajiri yenye mapengo.

Tangu siku ile nimekuwa nikitazama. Katika mashimo ya ngoro, ambayo wazee wa Kimatengo waliyabuni ili udongo usiporomoke na mvua, huteremka kitwitwi akitikisa mkia na kuokota wadudu mahali maharage yalipong'olewa. Kwarara hupita juu wawili wawili wakipiga kelele kabla hata jua halijatoka. Chozi, aliye mdogo sana, huizunguka ile miti inayochanua maua mekundu hali ya kuwa haina jani hata moja. Miti hiyo haingoji mvua. Imepewa kuchanua katika ukavu, na chozi amepewa mdomo mrefu wa kuifuata asali iliyomo. Mwenye kusema kwamba katika kipupwe hakuna kitu, basi hakutoka nje.

Wiki mbili zilizopita nilishuka Mbamba Bay kwa taazia. Njia ni kilomita zipatazo 66, na sasa ni lami, lakini katika mwendo huo mtu huteremka karibu kilomita moja kwenda chini, hata koti alilolivaa Mbinga akalivua njiani. Ziwa liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Huko baridi si ya mwili. Baridi yao ni upepo. Kusi linapovuma, jambo ambalo ndugu zetu wa ng'ambo ya Malawi huliita mwera, mawimbi huinuka na mitumbwi hulala mchangani siku tatu, siku nne. Nilimkuta mzee mmoja mvuvi ameketi juu ya mtumbwi wake. Nikamwuliza, kama mlivyoniuliza ninyi: "Babu, upepo huu utakwisha lini?" Hakunijibu. Alinyoosha kidole juu ya mwamba, akasema: "Yule hauulizi."

Alikuwa furukombe, mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika kutoka rasi moja hata rasi nyingine. Mzee akanieleza kwamba miezi hii ya ukavu ndiyo aghlabu furukombe hulea, na juu ya mti mkubwa akanionyesha kiota chake cha vijiti, kipana kama ungo. Kando ya maji mnandi walikuwa wamesimama wametanua mbawa zao zikauke. Mdiria, yule wa madoa meusi na meupe, alikuwa amesimama hewani juu ya ghuba iliyotulia, mbawa zinapiga naye haendi mbele wala nyuma, kisha akaanguka kama jiwe, akatoka na usipa mdomoni. Tumepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) mfano wa ndege wanaotoka asubuhi na njaa wakarejea jioni wameshiba, nasi huusoma mfano huo kwa ajili ya kutawakali. Maulamaa wamezindua kwamba ndege wale wametajwa kuwa wametoka, hawakukaa kiotani. Mdiria hakungoja upepo utulie kote. Alitafuta ghuba.

Nirudi katika yale majina ya majira. Nilipokuwa nasoma Sudan niligundua kwamba watu wa kule wanalitumia neno kharif kinyume cha kitabu. Katika kamusi kharif ni majira ya majani kupukutika. Kwa Msudani kharif ni mvua, ndiyo rehema yenyewe. Na kwa ndugu zetu walioko Oman, wa Salalah, kharif ni miezi ya Juni hadi Septemba, ukungu unapoipanda milima ya Dhofar na jangwa likawa kijani. Yaani takriban miezi hii hii ya ukungu wetu. Kila nchi imelichukua neno ikalivika hali yake. Basi hata sisi tuna ruhusa ya kuwaambia watoto wetu kwamba kipupwe ni kipupwe, si nakala mbovu ya shitaa ya watu wengine.

Sudan nilimjua pia ndege wanayemwita simbir. Ni korongo mdogo, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, magoti yake mekundu na uso wake una rangi ya buluu. Hufika mvua za kwao zinapokaribia, akajenga juu ya mapaa ya nyasi ya nyumba za vijijini, katikati ya watu, na hakuna mtoto anayethubutu kumrushia jiwe. Wazee humfurahia kama anavyofurahiwa mgeni aliyekuja na zawadi. Wataalamu wa Ulaya walimwita kwa jina la Abdim, aliyekuwa liwali wa Wadi Halfa karne mbili zilizopita. Mimi nilidhani ni ndege wa Sudan. Niliporejea nyumbani, mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na watu wako mashambani, nikawaona wanatembea nyuma ya wenye majembe, wakiokota panzi! Walikuwa wale wale. Wanapomaliza mvua ya Sudan wanaifuata mvua yetu. Nilisimama katika shamba la watu nikiwa na machozi, na mwenye shamba akaniuliza kama nimefiwa.

Waarabu wa kale waliwaita ndege wa namna hii qawaatii, wakataji wa masafa. Sisi tunao wengi. Mbayuwayu hutufikia baina ya Septemba na Oktoba kutoka Ulaya na Asia, na uzito wake ni gramu zipatazo 20, sawa na vijiko vinne vidogo vya sukari. Korongo mweupe hawezi kuruka juu ya bahari pana, kwa sababu hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na bahari haiitoi. Kwa hiyo mamia ya maelfu yao huizunguka bahari, wakapita Istanbul, wakapita juu ya ardhi ya Palestina na Sinai, wakaufuata mto Nile hadi huku kwetu na kusini zaidi. Tafakarini jambo hili. Tunaomba tuione ardhi ile tukufu, na kuna viumbe wanaoipita kila mwaka kisha wakaja kutua katika majaruba ya mpunga.

Watu wa Ulaya kwa karne nyingi hawakujua ndege wao wanakwenda wapi theluji inapoanguka. Mwaka 1555 Olaus Magnus, mwanachuoni wa Sweden, aliandika kwamba mbayuwayu huzama wakalala chini ya maji hata baridi iishe. Kisha mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki umepita shingoni mwake, mrefu kupita nusu mita, na mti wake na chuma chake ni vya Afrika. Alichomwa huku kwetu, akabeba silaha ile akaruka nayo maelfu ya kilomita hadi nyumbani kwake. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wao hufurahia kumtazama kwa sababu alitatua swali lao. Mimi nikimfikiri naona aibu kidogo, maana alikuja mgeni na hiyo ndiyo zawadi tuliyomrudisha nayo.

Hapa ndipo penye shabaha ya maneno yangu, nayo ni manati.

Katika miezi hii watoto wako likizo siku nyingine, na nyingine wako katika uchumaji wa kahawa, na kila mmoja ana manati shingoni. Anayewinda kware akamla kwa njaa sina neno naye. Nasemea yule anayempiga kuzumburu aliyeganda kwa baridi, asiyeweza hata kuruka, kisha akamwacha chini akaenda zake. Nasemea pia sisi baba zao tunaopita tukacheka. Mnaijua habari ya wale sahaba waliokuwa safarini na Mtume (s.a.w.), wakachukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akitandaza mbawa na kuhangaika, na Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Ilikuwa ni safari, watu wana mambo makubwa, na bado alimwona ndege.

Na lipo jingine linalowaua ndege kwetu kuliko manati, nalo ni itikadi mbovu. Bundi akilia juu ya paa, watu wanasema kuna atakayekufa, au wanasema ametumwa na mchawi, na asubuhi wanamsaka kwa mawe na moto. Ndugu zangu, neno la Kiarabu la mikosi, tiyara, limetokana na tair, yaani ndege, kwa kuwa Waarabu wa jahiliya walikuwa wakiwatazama ndege ndipo waamue safari. Akiruka kulia wanakwenda, akiruka kushoto wanarudi. Mtume (s.a.w.) aliikanusha tiyara, na akaikanusha pamoja na yale waliyoyadhania Waarabu juu ya bundi. Tuko na karne kumi na nne za jambo hili, na bado tunamchoma bundi! Laiti mngelijua anachofanya juu ya paa. Mahindi yameingia ndani, panya wameyafuata, na bundi amewafuata panya. Yeye ni mlinzi wa ghala asiyelipwa.

Aliniuliza mzee mmoja: je, na dudumizi? Yule anayelia kama maji yanayomiminwa kutoka katika chupa, nasi tukasema mvua imekaribia, je, hiyo si tiyara? Nikamjibu kwa nijuavyo. Kusema kwamba ndege ameleta kifo au riziki ndiko kulikokatazwa. Ama kutazama kwamba kiumbe fulani huitikia unyevu wa hewa kabla yetu, hiyo ni elimu ya kuchunguza, kama mvuvi anavyolitazama wingu. Dudumizi haleti mvua, naye pia anaingoja. Mzee akaridhika, ingawa mwanawe bado anabishana nami.

Nilimwita yule mtoto mbele ya wenzake nikamwomba radhi. Sikuwa nimezoea jambo hilo, na wala yeye hakulizoea; aliangalia miguu yake. Kisha nikampa daftari, nikamwambia aandike kila ndege tunayemwona kutoka dirishani na njiani, kwa Kiswahili, kwa Kimatengo au Kinyasa kama wapo wazee wanaojua, na kwa Kiarabu nitamsaidia mimi. Mpaka jana wamefika ishirini na watatu. Kuna wanane ambao hatuna jina lao kwa lugha yoyote, na nimesikitika, kwa sababu katika msikiti huu alikuwapo mzee aliyekuwa akiwatambua kwa sauti tu, akiwa ameketi na tasbihi yake pale nguzoni. Tulimzika baridi ya mwaka jana. Hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo nawaomba wazee mliobaki, mkipita madrasa baada ya Alasiri, muingie. Watoto watawasomea walivyowaeleza wale wanane, rangi na mlio, nanyi mseme mnalolijua.

Ukurasa mmoja katika daftari lile tumeutenga kwa mbayuwayu. Juu pameandikwa jina, kwa Kiarabu khuttaaf, na chini yake mstari wa tarehe ya kufika mwaka huu ni mtupu. Atakayemwona kwanza, awe shambani au huko ziwani, amtume mtoto aje atuambie.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.